Kutafuta mapenzi ya Mungu wakati wa shida: mwongozo wa siku kumi

Yerusalemu ulipoanguka mikononi mwa Wababeli, waliosalia nchini walikuwa masikini, wanawake, watoto na maaskari wachache waliokuwa wamejificha porini. Gavana aliyewekwa kuwaangalia, Gedalia, akauawa na watu aliokuwa akila nao chakula. Wakaogopa kisasi cha Babeli. Wakiongozwa na Yohanani mwana wa Karea, wakaenda kupiga kambi karibu na Bethlehemu, kisha wakamwendea nabii Yeremia: tuombee kwa Mungu, atuonyeshe njia ya kuiendea; jibu liwe jema, liwe baya, tutatii. Yeremia akaomba. Jibu lilichukua siku 10, nalo lilikuwa hili: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wakamwambia anasema uongo. Wakafungasha wakaenda Misri, na yeye wakamchukua.

Habari hiyo imo Yeremia 40 mpaka 43. Niliisoma mara nyingi bila kuona kitu kimoja kidogo: Biblia inasema walipiga kambi pale ili waende Misri. Yaani walimwuliza Mungu njia wakati wameshatoka nyumbani na mizigo kichwani.

Nilikuja kuliona hilo mwaka ambao mizigo yangu mwenyewe ilikuwa imefungwa. Nilikuwa mjane wa mwaka wa pili, naishi Tanga na watoto wawili, mkubwa darasa la sita. Mahali nilipokuwa nikitunza hesabu wakapunguza watu, nami nikapunguzwa. Nilikuwa na deni la kikoba, kodi ya miezi mitatu, na ada ya mdogo haijakamilika. Rafiki yangu akaniambia kuna kazi Muscat, Oman, wakala yupo, ila nauli ya kuanzia nijitafutie. Watoto wangekaa kwa mama yangu Korogwe. Nikaanza kufunga na kuomba: Bwana, nionyeshe mapenzi yako. Picha za pasipoti nilikuwa nimeshapiga.

Hatua ninazoziandika hapa nimezijua kwa kukosea kwanza. Wakatoliki huziita mang'amuzi, wengine husema kupambanua, na walokole tunasema kusikia kutoka kwa Bwana. Jambo ni lilelile. Siku kumi nimezichukua kwa Yeremia, lakini hazina nguvu yoyote ya pekee. Zinakupa tu muda wa hofu kutulia na ukweli kukusanywa. Wewe unaweza kuhitaji mwezi.

Na kuna mambo yasiyongoja siku kumi. Mgonjwa akiambiwa apasuliwe leo, apelekwe leo. Anayepigwa nyumbani atoke, aende kwa ndugu, kwa mchungaji anayemwamini, au kwenye dawati la jinsia polisi. Hakuna andiko linalokutaka ukae chini ya ngumi ukisubiri uthibitisho. Omba ukiwa njiani.

Siku ya kwanza: kula, lala, lia

Nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Angalia Mungu alichofanya katika 1 Wafalme 19. Hakumhubiria, wala hakumpa maono. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Sisi huwa tunageuza mpangilio huo. Mtu amefiwa, hajalala usiku wa nne, anakunywa chai ya rangi tu, halafu anajiwekea mfungo mkavu wa siku saba ili amsikie Mungu. Atakachokisikia siku ya tano kinaweza kuwa sukari iliyoshuka. Kwa hiyo siku ya kwanza kula ugali wako, lala, oga. Kama una dawa za presha, za kisukari, za kifafa au ARV, meza kama ulivyoandikiwa, siku zote kumi na baada ya hapo. Ukiona usingizi umekataa kwa wiki nyingi, au mawazo ya kufa hayaondoki, nenda hospitali na mwambie mtu wako wa karibu leo hii. Eliya naye aliombea kufa, na msaada wa kwanza aliopata ulikuwa wa mwili.

Kulia nako ni sehemu ya kazi. Chukua Zaburi ya 13 au ya 88, uisome kwa sauti kama ya kwako. Ya 88 inaishia gizani, haigeuki kuwa shangwe hata mstari wa mwisho, na bado imo ndani ya Biblia. Mimi niliachwa na faraja kubwa nilipogundua hilo, kwa sababu msibani watu walikuwa wakinihimiza niseme "Mungu ni mwema" kabla sijamaliza kusema "Bwana, mpaka lini?"

Siku ya pili: andika swali lako kwenye mstari mmoja

"Mungu anataka nini na maisha yangu?" ni swali kubwa mno kwa mtu aliye matatani. Halijibiki kwa siku kumi. Tafuta uamuzi ulio mbele yako kwa kweli, uuandike kwenye daftari kwa namna ambayo mtu mwingine akisoma ataelewa: niuze kiwanja kulipia matibabu ya baba au tuchangishane ukoo mzima? Nimrudie mume wangu aliyeomba msamaha, au nikae kwa kaka mpaka mwakani? Langu lilikuwa: niende Muscat mwezi wa nane, au nibaki Tanga mpaka mtoto amalize darasa la saba?

Ukishaliandika, litazame kama kweli bado ni swali. Yako mambo Mungu ameshayasema, na kuyaombea tena ni kupoteza muda. Kama njia mojawapo inahitaji kughushi cheti, kutoa rushwa, kumdhulumu ndugu urithi wake au kuishi na mume wa mtu, hapo huna cha kupambanua. Paulo anapoandika moja kwa moja kwamba "haya ndiyo mapenzi ya Mungu", anataja kutakaswa na kushukuru kwa kila jambo (1 Wathesalonike 4:3 na 5:18). Ni mambo ya kila siku kabisa. Nadhani ndiyo maana tunayaruka.

Mara nyingi, ukiondoa yaliyokwisha kusemwa, unabakiwa na njia mbili ambazo zote ni halali. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Na ujue jambo moja linalopunguza hofu: njia zote mbili zikiwa halali, Mungu hajakutegea mtego kwamba ukichagua isiyo yenyewe atakutupa.

Siku ya tatu: itafute Misri yako

Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Misri yako ni ile njia uliyokwisha kuichagua moyoni kabla hujamwuliza Mungu.

Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika jibu unalolitamani. Upande wa pili andika jibu unaloliogopa. Kisha chini ya kila moja jaza sentensi hii: "Mungu akisema hivi, mimi nita..." Usiandike unachopaswa kuandika. Andika kile ambacho ungefanya.

Mimi niliandika chini ya "baki Tanga": nitaomba tena mpaka aseme vingine. Nilishtuka kuiona kwa mwandiko wangu. Ndiyo hadithi ya Balaamu katika Hesabu 22: wajumbe wa mfalme Balaki, anayetaka Balaamu awalaani Waisraeli, wanakuja mara ya kwanza, Mungu anasema usiende, wanarudi na wakubwa zaidi na ahadi ya heshima nono zaidi, na Balaamu anawaambia lala hapa usiku huu, nikamwulize tena. Kumwuliza Mungu mara ya pili baada ya malipo kupanda, sote tumefanya.

Dalili kwamba una Misri ni nyingi. Unasimulia jambo kwa washauri ukificha kipengele kimoja. Unamkwepa mtu mmoja maalumu kwa sababu unajua atasema nini. Unaona ishara upande mmoja tu. Gari likipita limeandikwa "Twende" ni uthibitisho, lakini wakala asipopokea simu siku tatu ni shetani anapinga. Unasema "nimekabidhi kwa Bwana" huku umeshatoa kishika uchumba cha pesa.

Na Misri inaweza kuwa kubaki. Kuna mtu ambaye woga wake wote uko kwenye kuondoka, naye anauita woga huo subira.

Dawa yake si kujilazimisha kutokutamani. Hamu haiondoki kwa amri. Yesu mwenyewe Gethsemane alisema alichokitaka: kikombe kiniepuke. Alikisema wazi kwanza, kisha akasema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Omba hivyohivyo, kwa mpangilio huo. Taja unachokitaka kwa jina lake. Kisha omba uwezo wa kusikia kingine. Ukiona huwezi kusema sehemu ya pili, omba kutaka kuisema; usiku ule mimi sikuweza, na sala yangu ilikuwa, Bwana, sitaki kutii, nisaidie nitake. Mpaka hapo hujapata jibu lolote, lakini angalau umeshusha mizigo kichwani.

Siku ya nne mpaka ya sita: Neno na maombi

Tenga muda uleule kila siku. Nusu saa inatosha, alfajiri kabla watoto hawajaamka au usiku wakishalala. Zima data ya simu.

Soma sura nzima, na usome kitu kimoja siku zote tatu. Ile tabia ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, iache. Ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. Na uwe mwangalifu na mistari ya kalenda. Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", imeandikwa kwenye fremu nusu ya sebule za Wakristo ninaowajua. Lakini ni sehemu ya barua kwa watu walio utumwani Babeli, na mstari wa juu yake unawaambia kwamba watatoka baada ya miaka 70. Wengi wa waliosomewa barua ile walikufa hukohuko. Walichoambiwa wafanye wakati wa kungoja ni kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoza watoto na kuuombea amani mji wa adui. Ni ahadi ya kweli, ila haikuwa ahadi ya kwamba mwezi ujao mambo yatanyooka.

Kwa mtu aliye kwenye shida napendekeza Yeremia 32, Matendo 16 na Habakuki 1 mpaka 2. Soma polepole mara mbili. Pale mstari unapokugusa, simama, uliza: unanigusa kwa sababu unanifariji, au kwa sababu unanipinga? Andika neno moja au mawili. Kisha nyamaza dakika tano. Kunyamaza kwetu ni kugumu. Kwenye makanisa yetu mengi sala ni sauti. Lakini mtu aliyemwuliza Mungu swali angalau akae kimya muda wa kujibiwa.

Sala yenyewe isiwe ndefu. Yakobo 1:5 inasema aliyepungukiwa na hekima "aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Shikilia hilo neno hakemei. Wengi wetu tunaomba kama mtoto anayemwomba ada baba mkali.

Kufunga kunasaidia kama afya inaruhusu: acha mlo mmoja, na muda wa mlo huo uwe wa kuomba. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo afunge kitu kingine. Kufunga mitandao siku tatu kutamuuma mtu kuliko kukosa chakula cha mchana.

Siku ya saba: hesabu

Kuna watu wanaoona kwamba kupiga hesabu ni kukosa imani. Yesu alisema mtu akitaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Yoshua 9 inaonyesha upande wa pili: Wagibeoni walipokuja wakijifanya wametoka nchi ya mbali, na mikate mikavu yenye ukungu na viatu vilivyotiwa viraka, Waisraeli walikagua ushahidi lakini hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana, wakadanganywa. Kukagua hakukuwa kosa lao. Walikagua mikate wakaishia hapo.

Kwa hiyo siku hii kusanya ukweli. Mgonjwa: daktari anasema nini hasa, na daktari wa pili je? Deni: ni kiasi gani, riba ngapi, nani anakubali kupangiwa upya? Mkopo wa kausha damu uandike wa kwanza, maana huo unakula kila siku. Ndoa: kilichobadilika ni kipi, maneno au mwenendo, na kwa muda gani?

Mimi nilikwenda kuuliza habari za yule wakala. Sikupata ofisi, nilipata namba ya simu tu na haraka nyingi. Mkataba nilioahidiwa haukuwepo. Hilo peke yake halikuwa jibu la Mungu kuhusu Muscat, kwa sababu wapo mawakala halali na wapo waliokwenda Oman wakafanikiwa. Lilikuwa jibu kuhusu wakala yule. Nasema hivi kwa kuwa ni rahisi kuruka kutoka "mlango huu umefungwa" mpaka "Mungu hataki." Paulo katika Matendo 16 alikatazwa kuingia Asia, akazuiwa Bithinia, na milango hiyo miwili iliyofungwa ilimweleza tu pa kutokwenda. Pa kwenda alipajua Troa, usiku, alipoona mtu wa Makedonia akimwita.

Siku ya nane: watu wawili au watatu

Mithali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu, lakini wingi huo usiwe wa grupu la WhatsApp. Chagua watatu wasiozidi. Awepo mmoja anayekupenda, mmoja anayeijua kazi au ugonjwa au sheria inayohusika, na mmoja aliyekomaa kiroho asiyefaidika kwa uamuzi wowote utakaochukua. Na yule unayemkwepa tangu siku ya tatu, huyo lazima awe mmojawapo.

Waeleze yote, pamoja na Misri yako. Waombe wasikupe jibu kwanza, wakuulize maswali. Mzee wa kanisa niliyekwenda kwake, mama wa miaka sabini na kitu, alinisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akauliza, "Mwanangu, kama ungekuwa na kazi hapahapa, Muscat ungeiwaza?" Nikasema hapana. "Na baba watoto angekuwa hai?" Nikaanza kulia, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba sikuwa nakimbilia kazi. Nilikuwa naikimbia nyumba ile.

Afrika Mashariki tuna urithi wetu katika jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulilea desturi ya ndugu kukaa pamoja na "kutembea nuruni": mtu anaweka wazi dhambi yake, deni lake, hata mpango wake wa kuoa, na ushirika unaomba naye. Ulikuwa na ukali wake, na wapo walioumizwa na ndugu waliogeuka waamuzi wa kila kitu mpaka nguo. Lakini mzizi wake ni wa Matendo 15:28, ambapo mitume wanaandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu "na sisi". Kupambanua peke yako chumbani, miezi na miezi, ni hatari.

Kuhusu manabii

Katikati ya shida atatokea mtu mwenye neno kwa ajili yako. Paulo anasema msitweze unabii, na sentensi inayofuata ni "jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema." Yote mawili, kwa pamoja.

Soma 1 Wafalme 13 kabla hujamfuata mtu. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa ameshapewa agizo lake: usile mkate wala kunywa maji huko Betheli. Nabii mzee akamfuata akamwambia, mimi pia ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule. Alikuwa anamdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na njiani simba akamwua. Mzee alikuwa na cheo na lugha ya kiroho, na bado alisema uongo.

Vipimo vyangu ni vya kawaida. Neno likija na bei, iwe sadaka ya mbegu, mafuta, maji au chumvi, simama. Likija na haraka, "ukichelewa mpaka Jumapili mlango unafungwa", simama. Likikutenga na ndugu zako, na hasa likikuambia mama yako au jirani ndiye mchawi wako, ondoka. Likikwambia uache dawa, ondoka mbio. Na likiwa la kweli litavumilia kupimwa. Waambie wale watatu, lisubirishe wiki mbili uone kama bado linasimama.

Siku ya tisa: pima mivuto

Mwaka 1521 mwanajeshi Mhispania, Ignasi wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona. Alipokuwa kitandani kwa miezi, alikuwa akiwaza mambo mawili kwa zamu: sifa za vita na bibi mmoja wa hadhi aliyetaka kumpendeza, na siku nyingine, kuishi kama watakatifu aliokuwa akiwasoma. Mawazo yote mawili yalimfurahisha yalipokuwa yakipita. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yalimwacha mkavu, haya ya pili yalimwacha na furaha iliyobaki. Kutokana na hapo akaunda kanuni ambazo Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki aliloanzisha, na wengine wengi wanazitumia mpaka leo, na sioni kwa nini Mluteri au Mpentekoste azinyime nafasi.

Fanya hivi. Asubuhi yote ishi kana kwamba umeshaamua njia ya kwanza: fua, pika, tembea ukiwa umeamua. Mchana badilisha, ishi na njia ya pili. Jioni andika kila moja imeacha nini baada ya msisimko kuisha. Angalia kama unakuwa mkarimu zaidi kwa watu wa nyumbani au mkali zaidi, kama unaweza kuomba au unaikwepa sala.

Jaribio lingine, hili la Ignasi mwenyewe: mtu usiyemjua kabisa anakuja na shida kama yako neno kwa neno. Ungemshauri nini? Kisha jiwazie kitandani pa kufa, ukiangalia nyuma. Ungependa uwe umechagua lipi?

Na kanuni yake inayotufaa zaidi sisi tulio kwenye giza: wakati wa ukiwa, moyo ukiwa mkavu na umekata tamaa, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Subiri. Usiku wa saa nane usimwandikie mtu ujumbe wa kuvunja chochote.

Ila niseme kitu kuhusu "amani", maana kwetu mtu akisema "nina amani na jambo hili" mjadala umekwisha. Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu akiwa anamkimbia Mungu. Yesu alitoka jasho kama matone ya damu akiwa anamtii. Amani ya Yona ilikuwa nafuu ya kukwepa. Ukiwa na amani, iulize imetoka wapi.

Siku ya kumi: amua, uandike

Usiombe ishara mpya leo. Watu hupenda kumtaja Gideoni na ngozi yake ya kondoo, lakini Waamuzi 6 inaonyesha kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa ya kutuliza woga wake, na Mungu alimvumilia. Uthibitisho ukija, upokee. Yeremia alipokuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, aliambiwa kwamba binamu yake Hanameli atakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Hanameli akaja kweli, na hapo Yeremia anasema, "Ndipo nikajua ya kuwa neno hili ni neno la BWANA." Mpaka mtu alipoingia mlangoni, hata nabii hakuwa na uhakika kamili.

Weka mbele yako kurasa zote: swali, Misri, Neno, hesabu, washauri, mivuto. Mara nyingi zitaelekea upande mmoja, hata kama moyo hauupendi. Amua kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Kwa kadiri ninavyoona leo, naamini niende hivi. Nitaanza na jambo hili tarehe hii. Nitaupitia tena uamuzi huu baada ya miezi mitatu na mtu fulani." Tia sahihi na tarehe.

Kama kurasa hazielekei popote, na huna lazima ya kuamua, kaa ulipo, uendelee na wajibu wa leo: watoto, kazi, ibada, mgonjwa. Kama lazima uamue, chagua njia ambayo unaweza kurudi nyuma kwa gharama ndogo, au ile isiyowaumiza sana walio dhaifu, na uende. Kimya cha Mungu hakimaanishi amekasirika. Zaburi ya 88 nayo haikujibiwa papo hapo.

Mimi nilibaki. Nikaanza kuwaandikia hesabu wenye maduka matatu, halafu matano, kwa malipo madogo. Mwaka ule nilihamia chumba kimoja. Yule rafiki yangu alipata wakala mwingine, akaenda Muscat, na sasa amejenga. Kuna siku nilipoona picha za nyumba yake nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nadhani yeye alikuwa katika mapenzi ya Mungu kule, na mimi hapa.

Basi jiandae kwa hilo, kwamba shaka itakuja baada ya kutii. Yeremia alilipa shekeli 17 za fedha kwa shamba lililokuwa mikononi mwa adui, akapima fedha kwenye mizani, akatia muhuri mbele ya mashahidi, akampa Baruku hati aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Na mara tu alipomaliza, aliomba sala inayoanza kwa "Aa, Bwana MUNGU" na kuishia kwa mshangao: mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia ninunue shamba? Hakurarua hati.

Daftari langu la siku zile liko kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.